Nyumba Ambayo Mama Hakuingia

Homa Bay,
11 Februari 2024

Rael nyaminwa, dada yangu,

Usishtuke kupata barua yangu. Ningepiga simu kama watu wote, lakini masikio yamenikataa kabisa tangu mwaka juzi. Mtu akinipigia ninasema "ndiyo, ndiyo" mpaka mwenyewe anachoka na kukata. Hapa kwenye nyumba ya mapadre wazee tuko saba. Mmoja haoni, mmoja hakumbuki, mimi sisikii. Tukikaa mezani tunatengeneza padre mmoja mzima.

Katekista Machuki alipita hapa wiki jana. Ameniambia uko hai, kwamba macho yako yameingia ukungu, na kwamba kuna mtu nyumbani wa kukusomea. Kwa hiyo naandika.

Mwezi wa nane, siku ya Kupalizwa Mbinguni, natimiza miaka hamsini ya upadre. Kuna kamati, kuna sherehe, kuna kijitabu. Wamenitumia Sista Edinah, msichana mwerevu anayetembea na kompyuta mkobani. Yeye anaandika swali kwenye karatasi, mimi najibu kwa mdomo. Ameshaandika jinsi safari za Mama Maria Msafiri zilivyoanza: sanamu ya futi mbili ndani ya sanduku lake la mbao, kila nyumba wiki moja, Rozari kila jioni, kisha majirani wanambeba kumpeleka nyumba inayofuata. Aliniuliza ni nani aliyembeba mara ya kwanza. Nikamwambia ni Rael Mirumbe, mwaka wa 1983, kichwani, kutoka kanisani mpaka kwa mzee Nchagwa, mvua ikinyesha, na alikataa kupokezana na mtu.

Kisha akaandika swali lingine. "Padre, katika parokia ile yote, kuna nyumba ya Mkatoliki ambayo Mama hakuingia?" Nikajibu hakuna. Akaandika "kila nyumba" na kupiga mstari chini yake.

Si kweli. Kwako hakuingia, kwa sababu wabebaji mliwekwa mwisho wa zamu. Mwaka wa 1996 nilikuondoa kwenye wabebaji, nikafuta jina lako kwenye zamu, na sikulirudisha mpaka nilipohamishwa na safari zenyewe zikakoma. Sitaki kuyafungua mambo ya mwaka ule kwenye karatasi. Nauliza jambo moja. Mwezi wa tano, ambao ni mwezi wake, nikimleta Mama mimi mwenyewe, akae kwako wiki nzima kama alivyokaa kwa wengine, utampokea?

Nina miaka sabini na minane. Kabla hawajanivika maua ningependa kile kijitabu kiwe kinasema kweli.

Ndugu yako katika Bikira Maria,
Padre Kalisto Odhiambo


Mabera, Migori,
3 Machi 2024

Padre,

Huyo mtu wa kumsomea ni mimi. Naitwa Damaris, Mama Levis. Kwa sura hutanikumbuka, lakini kwa habari unanijua sana. Mimi ndiye "mambo ya mwaka ule".

Barua yako ilikaa siku tisa kwa ofisi ya mizigo pale Rodi Kopany, chini ya gunia la njugu. Imefika ikinuka njugu. Nimemsomea mama mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia nirudie. Ya pili akacheka hapo penye masikio yamekukataa. Ya tatu akaniuliza kama kweli umeandika "dada yangu" ama nimeongeza mimi. Jibu lake ni hili, sijaligusa: "Mwambie aje. Mlango ulikuwa wazi siku zote, ni yeye alipita kando."

Hayo ni yake. Sasa yangu.

Miaka yote hujawahi kuuliza mimi ni nani katika nyumba hii, kwa hiyo wacha nikuambie. Mama Rael na marehemu mzee Mirumbe hawakupata mtoto. Mzee alipokufa, nyumba ilikuwa inafungwa. Kwetu Wakuria mwanamke wa namna hiyo anatoa ng'ombe, anaoa msichana kwa jina la mtoto wa kiume ambaye hakumzaa. Msichana anakuwa mkaza mwana wake, watoto anaowazaa na mwanamume wa nje wanakuwa wajukuu wake, moto unaendelea kuwaka. Nilitolewa ng'ombe kumi na nne nikiwa na miaka kumi na saba. Wewe ukasimama mbele ya watu ukasema ni mwanamke na mwanamke wanaishi kama bwana na bibi. Padre, tulikuwa tunalala vyumba viwili. Mimi na mtoto kimoja, yeye na kuku wake wa kutamia kingine.

Ulipofuta jina lake uliamuru pia Mama Maria asipitishwe mbele ya lango letu, tusije tukafikiri ametutembelea. Wabebaji wakawa wanazunguka kwa shamba la tumbaku, nyuma ya choo chetu. Miaka kumi na sita wamezunguka. Pametokea njia kabisa, na mpaka leo watoto wa shule wanapita huko bila kujua ni kwa nini imepinda. Tulikuwa tunasikia nyimbo zikija, zinakaribia, halafu zinaelekea upande wa choo. Mama alikuwa anasimama kwa jiko anaimba na nyinyi mpaka mnaisha.

Na kuna hili, ambalo hajui kama naliandika. Mtoto wangu wa pili alikuwa msichana. Mama mwenyewe alimwita Emmaculate, kwa ajili ya huyo Bikira wenu. Akiwa na miezi minane, mwezi wa sita 1999, akashikwa na homa ya mapafu. Dispensari walisema turudi naye nyumbani. Mimi nilikuwa nimelala na malaria, siwezi hata kuinua kichwa. Mama akamfunga mgongoni akaja kwako umbatize. Levis ulikuwa umemkataa, lakini alisema huyu hutamkataa kwa vile anaondoka. Akaambiwa umempeleka Mama Maria Ndhiwa. Akangoja mpaka saa sita mchana. Mtoto alifia njiani wakirudi.

Mimi nilikasirikia kila mtu. Yeye hata siku moja. Anasema, "Padre angekuwepo angetoka." Ameyasema hayo miaka ishirini na tano. Siku hizi mimi naenda Sabato na wanawake wenzangu wa soko, yeye anabaki na rozari yake, na hatugombani. Lakini hilo neno lake ndilo linanifanya nikubali kukuchemshia chai. Ulikuwa mbali, na mtu akiwa mbali hana kosa.

Damaris, Mama Levis


Homa Bay,
17 Machi 2024

Mama Levis,

Erokamano kwa barua yako. Mvua huku imeanza vibaya na ziwa limepanda, hata bustani yetu ya sukuma imeingiwa na maji.

Asante pia kwa kunieleza habari ya ng'ombe na ya jina la mtoto ambaye hakuzaliwa. Nilikaa miaka thelathini na moja kati ya Wakuria na sikumuuliza mtu yeyote. Nilitoka kwetu Ndhiwa nikiwa nimeshajua kila kitu.

Kamati imekubali nimlete Mama Jumamosi tarehe 11 Mei. Kuna jambo dogo tu. Mpiga picha atakuwepo, na mwenyekiti anapendekeza kijitabu kiandike kwamba wewe ni binti wa Rael, ili watu wa mbali wasianze kuuliza. Ni neno tu, wala halibadilishi kitu.

Nawatumia sukari, mche wa sabuni, na rozari mpya ya Rael. Ile yake lazima imechakaa.

Mtoto alizikwa wapi? Na je, Rael huwa anakumbuka siku ile mlinzi wa langoni alimwambia maneno gani hasa? Nauliza tu.

Padre Kalisto Odhiambo


Mabera, Migori,
7 Aprili 2024

Padre,

Sabuni na sukari zimefika, asante. Umechagua Sabato yangu lakini nitaomba ruhusa kwa Mungu.

Neno "binti" nimelikataa. Mimi nilitolewa ng'ombe, si mtoto wa kuokotwa. Waandike mkaza mwana, ama waandike Damaris, ama wakate picha. Nilipomsomea mama alisema kamati ikitaka ije ihesabu zile ng'ombe.

Hapa nyumbani amenifanya mtumwa. Nyumba imesiribwa upya ndani na nje. Amenunua pazia la samawati kwa sababu anasema ndiyo rangi ya Mama Maria. Levis ameambiwa atoke kazini Awendo alete viti, na mbwa amefungwa wiki tano mapema ili azoee kufungwa. Asubuhi anafanya mazoezi ya nyimbo mpaka kuku wanahama. Mama ana miaka sabini na minne, na sijawahi kumwona akingoja kitu namna hii. Nakuomba usiahirishe, hata kama ni mvua.

Emmaculate amelala nyuma ya jiko. Hana msalaba. Mama alisema asiyebatizwa hawekewi, kwa hiyo niliweka jiwe nililolitoa mtoni mwenyewe.

Mlinzi alimwambia, "Padre amepeleka Mama Ndhiwa, rudi kesho." Basi. Kwani ulitaka awe alimwambia nini? Padre, barua yako sikuielewa. Umeongea mvua, sukuma, mpiga picha, sabuni, halafu kaburi na mlinzi ukaviweka mwisho kama mtu aliyekwisha kuaga na bado amesimama mlangoni. Kama kuna kitu kiseme. Mimi sipendi kuzungushwa.

Damaris


Homa Bay,
19 Aprili 2024

Mama Levis,

Kipo.

Sikuwa Ndhiwa. Asubuhi ile nilikuwa chumba cha kulia, na chai mbele yangu. Nilimwona Rael akiingia langoni na mtoto mgongoni, nikajua anakuja kuomba nini. Nikamwambia mlinzi, "Mwambie nimempeleka Mama Ndhiwa." Safari ya Mama ndiyo iliyonijia mdomoni kwanza, kwa sababu hakuna mtu ambaye angeibishia. Kisha nikasimama nyuma ya pazia.

Alikaa kwenye ngazi ya tangi la maji. Alimshusha mtoto, akampa maji kwa kijiko, akamfunika na leso, akamfunga tena. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Nilijiambia akikaa dakika kumi zaidi nitatoka. Alikaa mpaka saa sita na sikutoka.

Wazee wa parokia walikuwa wameniandikia kwamba nikilegea kwa Rael kila mtu ataleta lake. Lakini nisiwasingizie wazee. Nilijua nikimtazama usoni nitakubali, na nikikubali nitakuwa nimekiri kwamba miaka mitatu nyuma nilikosea mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa padre wa Bikira Maria. Watu walikuja kutoka Rongo na Ndhiwa kuniomba nianzishe safari za Mama kwao. Nilipenda kuitwa hivyo kuliko nilivyompenda mtu yeyote. Jioni nikaletewa habari kwamba mtoto amekufa, na jioni hiyo hiyo nikaongoza Rozari.

Sasa sijui kama Rael aambiwe. Imani yake imekaa juu ya lile neno, angekuwepo angetoka. Nikilivuta, naogopa vyote vitaanguka, na Mama pamoja navyo. Wewe unaishi naye, wewe ndiye unamjua. Ukiona heri asijue, nitakuja tarehe 11 na kunyamaza mpaka kufa kwangu. Ukiona ajue, msomee barua hii. Naliacha mikononi mwako.

Padre Kalisto Odhiambo


Migori,
28 Aprili 2024

Padre Odhiambo,

Hapana. Kwangu huliachi.

Barua yako niliisoma sokoni nimekaa juu ya gunia la mahindi. Nyasuguta, jirani yangu wa kibanda, akadhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa, lakini zamani. Nikafunga kibanda saa nne asubuhi, kitu ambacho sijawahi kufanya hata siku ya kura.

Kutoka saa tatu mpaka saa sita. Mimi mama yake siku hiyo sikumwona, nilikuwa nimelala kama gogo. Waliporudi alikuwa amefunikwa uso. Wewe ulimtazama asubuhi nzima akiwa hai. Nimekaa hapa natamani kukuuliza alikuwa anafanya nini, kama alilia, kama alicheza na leso, na nachukia kwamba wewe ndiye wa kuulizwa.

Na leo unataka mimi niamue. Siku ile ulimtuma mlinzi, sasa unanituma mimi. Kazi ya kumwambia Rael kitu imekuwa ya watu wengine maisha yako yote.

Nimemwambia barua inahusu viti. Nimemdanganya kwa ajili yako na sitarudia. Usije tarehe 11 kama bado anaamini ulikuwa Ndhiwa. Mwandikie yeye. Mpe Machuki ailete na aisome, mimi nitatoka niende kisimani. Ama usije kabisa, na kijitabu chako kiandike kila nyumba kama kilivyoandika.

Damaris


Homa Bay,
4 Mei 2024

Rael dada yangu,

Barua hii atakusomea Machuki. Nimemwomba asome polepole.

Siku uliponiletea Emmaculate sikuwa Ndhiwa. Nilikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia. Nilikuona tangu ulipoingia mpaka ulipoondoka. Mlinzi alisema uongo niliomtuma mimi. Mama naye alikuwa kanisani mahali pake, hakuwa safarini.

Dhambi hii nimeiungama mara tatu kwa mapadre watatu, na mara zote tatu nikapewa maondoleo. Wewe sikukuambia. Nadhani ndiyo sababu iliendelea kurudi, hasa mwezi wa sita, hasa nikiwa nahubiri juu ya Mama na watoto. Ninasikia huwa unasema ningekuwepo ningetoka. Rael, nilikuwepo.

Nimemwambia Sista Edinah afute maneno "kila nyumba". Tarehe 11 sitakuja mpaka uniite. Kwa kujificha kwangu, na kwa uongo ule, naomba unisamehe. Katika yote niliyokukosea, hilo ndilo kubwa.

Kalisto Odhiambo, padre


Mabera, Migori,
19 Mei 2024

Padre,

Machuki alisoma. Niliporudi kutoka kisimani nilimkuta mama amekaa vile vile, na Machuki anamaliza chai kwa haraka aende.

Tangu siku hiyo hajasema juu yako neno lolote, zuri wala baya. Anakula kidogo. Jioni hasali. Tarehe 11 viti vilikuwa vimepangwa na watu wawili watatu wakaja na nyimbo zao, ikabidi niwape uji niwaambie umepata homa. Ona sasa, nami nimekuwa mlinzi wako.

Nilitaka ujue tu. Sikuandikii kukufariji.

Damaris


Mabera, Migori,
2 Juni 2024

Padre Odhiambo,

Damaris anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta hasira ya lile pazia na sikuipata. Ulijificha. Watu wanajificha. Mimi nikimwona mjumbe wa chifu anakuja, najificha kwenye mihogo na hali nina miaka sabini na minne. Hilo la pazia nilikusamehe Machuki akiwa bado hajageuza karatasi.

Lakini umesema hilo ndilo kubwa. Nikajua Padre hajui. Amehangaika miaka yote hii na dogo, na lile lingine hata hajui kama lipo.

Umeandika kwamba uliniondoa kwenye wabebaji. Hukusema hivyo siku ile. Ulisimama altareni, kanisa limejaa mpaka nje, ukasema, "Mikono ya Rael isiguse kitu kitakatifu mpaka amrudishe yule msichana kwao." Ulisema mara moja. Mimi nimesikia kila siku. Tangu Jumapili ile sijachovya kidole kwenye maji ya baraka. Rozari naishika kwa leso. Damaris alifikiri vidole vyangu vinaumwa na baridi.

Sasa siku ya mtoto. Nilipoondoka kwako tulifika darajani, nikasikia mgongo umekuwa mwepesi. Nikamshusha. Alikuwa anavuta pumzi moja, anakaa, anavuta nyingine. Chupa ya maji nilikuwa nayo, nilijaza kwenye tangi lako. Maneno nilikuwa nayajua. Wewe mwenyewe ulitufundisha wabebaji wote, kwa sababu tulikuwa tunaingia nyumba za wagonjwa. Ulisema mtoto akiwa anakata roho na padre hayupo, Mkristo yeyote amwagie maji aseme yale maneno, na huo ni ubatizo kamili. Nilikuwa nimeshambatiza hivyo mtoto wa Mayaka, ukaja ukaandika jina lake kwenye kitabu cha kanisa.

Nilifungua chupa. Nikaangalia mikono yangu. Nikaifunga.

Nikapiga kelele nipate mtu amwagie yeye, mtu yeyote, hata mlevi. Barabara ilikuwa tupu. Nilipomwangalia tena alikuwa amekwisha kwenda.

Damaris hakuwa anayajua haya. Anayajua sasa anavyoandika. Ameweka kalamu chini. Ameichukua tena.

Nilikutii, Padre. Nilisema padre akitamka ni Mungu ametamka, na nikalala na hilo. Nilikuwa nasema ungekuwepo ungetoka, kwa sababu ungetoka, ungembatiza wewe, na mikono yangu isingeulizwa kitu.

Sasa nauliza, na unijibu kwa barua. Sitaki uje. Mikono yangu ilikuwa michafu? Kama ilikuwa, basi nilifanya vizuri, na nitakufa nimetulia. Kama haikuwa, niambie pia. Usinionee huruma, na usiandike mengi.

Rael Mirumbe
(dole gumba lake, nimelipaka wino mimi, Damaris)


Homa Bay,
14 Juni 2024

Rael,

Nimeandika barua hii mara sita na kuichana, kwa sababu kila mara nilikuwa natafuta jibu la tatu. Halipo.

Mikono yako ilikuwa safi. Siku ile na siku zote. Neno lile nililisema kwa hasira, likaniishia mdomoni, nikashuka altareni nikaenda kula. Sikulikumbuka tena mpaka wewe uliponiandikia. Haikuwa sheria ya Kanisa wala haikuwa amri ya Mungu. Nilikuwa mimi.

Kwamba Mungu hakumwacha Emmaculate kwa sababu yangu, hilo naliamini kwa moyo wote. Lakini hukuniuliza hilo.

Sherehe nimeikataa na kijitabu nimekisimamisha. Mama Msafiri yuko kwa Machuki. Mkimtaka atamleta, msipomtaka atakaa kwake, na hakuna atakayewauliza.

Umesema nisikuonee huruma. Maji ya ile chupa yalitosha, Rael. Usingenisikiliza mimi, mtoto angekufa amebatizwa, mikononi mwako.

Kalisto Odhiambo